Mahali pa Chumvi

Mulekera, Beni
Alhamisi

Kwa dada yangu mpendwa Orpa, mama Ananie,

Pokea salamu zangu katika jina la Bwana, wewe na baba Ananie, watoto, wajukuu na jirani zako wote wa kule kwenye baridi. Natumaini goti lako limeisikia dawa, na kwamba mvua ya Lubero haikuozesha viazi kama mwaka jana. Mimi ni mzima. Macho tu ndiyo yanaomba taa mapema kuliko zamani. Binti yako Bénite na watoto wake wanaendelea. Yule mdogo alikuwa na kikohozi, sasa anakimbizana na wenzake. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati. Haki ya kunikatiza unayo, mama Ananie, lakini habari hii inataka kusomwa yote. Lévi, yule dereva wa fuso la viazi, ameniahidi kwamba ataiweka mkononi mwako mwenyewe.

Ulinituma nitoke Butembo nije kumsimamia binti yako apate mahali katika kisoko chetu cha zamani. Uliniambia nikashuhudie kwamba mama yetu alikuwa akiuza chumvi pale kwenye kona, kwamba tangu ulipopata akili ulimwona pale, na kwamba jina la Mama Munyu, mama wa chumvi, hakuna mzee wa Mulekera asiyelijua. Nilikuja, na nilishuhudia. Najua ungetaka jibu katika mstari wa kwanza. Nivumilie, nimefundisha miaka mingi, siwezi kuandika jumla juu ya ubao kabla ya hesabu yenyewe.

Tangu mauaji yalipotutoa mashambani, sisi wa barabara ya Mbau, nilikuwa sijarudi Beni ila kwa kuzika. Kwa hiyo nilipofika nilitembea taratibu, nikitafuta alama. Vile vibanda vya miti ya mikaratusi vimebomolewa vyote. Mahali pake pamesimama hangari mbili, nguzo za chuma na mabati mapya, na chini yake udongo mtupu uliosawazishwa. Kilichobaki kilikuwa kugawa udongo huo. Mkuu wa kamati ya soko, bwana Kamate, mtu mchangamfu anayeuza misumari na mabati, alitueleza sheria waliyokubaliana. Kwanza watapewa wale ambao mama au bibi yao alikuwa muuzaji wa kisoko cha mwanzo, mradi mzee wa nyakati zile asimame na kushuhudia. Nafasi zitakazobaki zitapigiwa kura ya bahati. Na mahali ambapo siku ya Jumatatu hapatakuwa na mtu aliyekaa, patapewa mwingine.

Bénite alikuwa ameshaazima meza. Hali yake unaijua, lakini acha niseme nilivyoiona. Tangu mume wake aende shambani asirudi, anatembeza ndizi kwa beseni, kutoka barabara hadi barabara, na wale wa kodi wanamfukuza kama kuku kwenye mtama. Aliniambia kwamba mtu wa kutembeza hana wateja, ana wapita njia tu. Akiwa na meza moja chini ya bati, watoto watarudi shuleni. Hayo ndiyo niliyoyabeba kichwani asubuhi ile ya Jumamosi.

Sasa nikukumbushe kidogo kisoko chenyewe, kwa sababu wewe ulikipata kikiwa kimekwisha kubadilika. Wakati ule hapakuwa na komine wala ofisi ya serikali. Palikuwa na njia ya udongo iliyoteremka kutoka kanisani, na pale ilipokutana na barabara ya malori, wanawake walikaa. Upande wa juu walikuwa wa samaki, waliopokea bitoyo, samaki wakavu wa ziwani, kutoka Kyavinyonge, na harufu yao ilitufikia tungali darasani. Katikati walikaa wa sombe, yale majani ya muhogo, wa mafuta ya mawese na wa vyungu. Chini kabisa, kandokando ya mfereji, walikaa wa maharagwe. Mvua ikinyesha, walinyanyua vikapu na kusimama kama korongo mpaka maji yapite. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la Mgiriki, na mbele ya duka fundi mmoja aliziba mabeseni yaliyotoboka. Watoto wa Wakatoliki walituita sisi Macho-Kufumba kwa ajili ya maombi yetu marefu, nasi tuliwaita Magoti. Tulipigana mawe kutoka shuleni mpaka sokoni. Tukifika sokoni tuliacha, kwa sababu mama yeyote pale alikuwa na ruhusa ya kukuchapa, awe wa kanisa lako au wa lile lingine.

Kuhusu mama hawa, kulikuwa na desturi moja ambayo Bénite haijui, na nadhani hata wewe uliisikia kwa mbali tu. Muuzaji akilazimika kuondoka, kwa uzazi au msiba au safari, alimwita mwenzake mmoja mbele ya wengine wawili na kumwambia: "Unishikie fasi." Aliyeombwa kushika mahali hakukataa. Alihamia pale siku ileile, naye hakuuza bidhaa zake tu. Ilimpasa kuuza bidhaa za mwenye mahali, ili miguu ya wateja isisahau. Faida ilikuwa yake kwa muda wote atakaoshika. Mahali palibaki pa aliyeondoka. Mama Élise wa samaki alipokwenda kuzaa, jirani yake wa vyungu alishika, yeye ambaye samaki wakavu walimpa kichefuchefu. Mume wake, shemasi, alilalamika mbele ya watu kwamba alioa vyungu na sasa analala na bitoyo. Mama mmoja akamjibu: "Baba shemasi, Petro pia alinuka samaki na mbinguni aliingia!" Élise aliporudi na mtoto mgongoni, yule wa vyungu aliinuka kwanza, akatoka, ndipo wakasalimiana. Ndiyo kanuni: unainuka kabla ya salamu. Ukisalimu ungali umekaa, umemfanya mwenye mahali kuwa mgeni.

Basi, Jumamosi tulikusanyika. Wazee tulikuwa wachache. Kulikuwa na Syauswa, mwana wa yule mchinjaji, ambaye sasa ni mchinjaji mwenyewe na ana tumbo la kuthibitisha; wakati wa uasi, miaka sitini iliyopita, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Kulikuwa na bibi wawili walioolewa hapa baadaye. Mwenye umri wa kuona kisoko kabla ya uasi nilikuwa mimi peke yangu. Tulitembea juu ya udongo ule, tukipima kwa macho kutoka barabarani na kutoka njia ya kanisa, na kila tulipokubaliana, mjukuu wa muuzaji aliitwa kusimama pale. Ilikuwa kazi ya furaha. Mtu akisimama vibaya, Syauswa alimpigia kelele: "Rudi nyuma, we! Hapo unakanyaga muchuzi ya jirani!" Kijana mmoja alidai bibi yake aliuza nyama, na Syauswa akamwuliza kama aliuza nyama ya ndoto, kwa maana mbele ya baba yake hakuna aliyethubutu kuchinja hata panya. Hata Kamate alicheka mpaka akashika nguzo.

Tulipofika kwenye kona, njia inapoingia barabarani, hakuna aliyeningoja. Walipaza sauti wote: "Ya Mama Munyu! Bénite, simama!" Syauswa alisimulia jinsi mama alivyomtia chembe ya chumvi kiganjani kila alipotumwa, matabishi, nyongeza ya mtoto. Bénite alikwenda akasimama. Alikuwa amevaa kile kikwembe, kitenge ulichomtumia Noeli.

Ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma, kati ya wale waliosubiri kura, alinyoosha mkono. Alikuwa na matope ya safari mpaka magotini. Alijitambulisha kuwa anaitwa Gracieuse, ametoka Mutwanga kwa pikipiki baada ya kusikia tangazo redioni. Alisema bibi yake pia aliuza katika kisoko hiki kabla ya kukimbia, jina lake Anne-Marie, na ya kwamba naye aliuza chumvi. Yeye hajui ni upande gani, akauliza kwa adabu kama palikuwa na kona nyingine ya chumvi. Walimcheka. Mmoja alimwambia: "Dada, hapa chumvi ilikuwa moja, kama jua!" Mwingine akaongeza: "Mutwanga muko na kakao yote, munataka na chumvi yetu?" Gracieuse alicheka nao kidogo, kama mgeni anavyocheka, akarudi nyuma. Kamate akanigeukia, akaniambia niseme tu ndiyo tuendelee, jua linapanda.

Orpa, mahali pale si petu.

Mwaka wa uasi wewe ulikuwa unanyonya. Mume wa Anne-Marie alikuwa karani, na makarani walikuwa wakitafutwa na waasi. Mama yetu alikuwa muuzaji wa maharagwe, pale chini kwenye mfereji, kati ya wale wanaosimama kama korongo. Anne-Marie, Mkatoliki, jirani yetu wa nyumba ya tatu, ndiye aliyekuwa mwenye chumvi: chumvi ya mawe, ile ya Katwe, iliyovushwa kutoka Uganda. Asubuhi moja alikuja mferejini, mtoto akiwa mgongoni na fundo la nguo kichwani. Alimwita mama mbele ya Élise na yule wa vyungu, akasema: "Unishikie fasi. Mvua ikikatika nitarudi." Nilikuwepo, nilikuwa na akili ya kutosha. Mama alibeba vikapu vyake, akapanda kwenye kona, na juma lililofuata alitafuta watu wa Katwe akaanza kuuza kitu ambacho hakuwahi kukiuza.

Wewe ulikuwa ukimwuliza kwa nini asiache chumvi ya mawe auze vikwembe kama wenzake, hasa ilipokuja ile chumvi nyeupe ya pakiti na watu wakaipenda. Alikujibu kwamba chumvi haiozi. Maharagwe yaliyotulisha aliyauza nyuma ya meza, kama mtu anayejificha. Mbele aliweka lile bakuli la chumvi mpaka mwisho. Kila mtu anaitoa chumvi ile kama ushahidi kwamba pale palikuwa pake. Ni ushahidi wa kinyume. Kama pangekuwa pake, angeuza maharagwe.

Alipolala hospitali kwa mara ya mwisho, wewe ulikuwa Lubero na mtoto mchanga. Aliniambia maneno machache: "Akija mutu wa Anne-Marie, inuka. Miye sikupata wa kuinukia." Aliyasema kwa utulivu, kama anavyoagiza mtu asisahau kufunga mlango.

Sitajifanya kuwa mwema kuliko nilivyo. Nilitoka Butembo nikiwa nimeamua kunyamaza. Nilijiambia kwamba miaka sitini imepita, kwamba watu wa Anne-Marie wamekwisha, kwamba Bénite akikaa pale atakuwa anashika tu kama bibi yake, tofauti ni kwamba hatajua. Ni hoja nzuri, nimeipima pande zote. Ilikuwa inafaa kabisa mpaka yule mwanamke aliponyoosha mkono.

Nilisema hapana, si petu. Kamate alifikiri sikusikia swali. Alinishika bega, akawaambia watu kwamba mwalimu amechoka na safari. Nikaeleza yote niliyokueleza wewe, majina na kila kitu. Hakuna aliyeweza kunipinga, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwepo. Na kwa sababu hiyohiyo, kama ningenyamaza, hakuna ambaye angejua. Bénite alinitazama. Aliniuliza mbele ya watu wote: "Mujomba, batoto yangu banakulaka ile kweli yako?" Nilikwenda pale aliposimama, nikamshika mkono, nikamtoa. Mkono wake haukukaza wala haukulegea. Tulipokwisha kutoka wote wawili ndipo nilimgeukia Gracieuse nikamsalimu. Naye maskini hakujua la kufanya, alibaki amesimama pembeni, mpaka bibi mmoja akamsukuma: "Ingia, mama, ingia! Fasi haikae wazi!"

Nilishuhudia pia mahali petu pa kweli, pale mferejini. Kamate alikubali bila ubishi. Tulipopima, tuliona kwamba panaangukia nje ya nguzo, juu ya karavati jipya la kupitishia maji, ambapo hapawezi kukaa hata kuku. Bénite aliingia katika kura pamoja na wengine. Kura haikumwangukia.

Sasa sikiliza sehemu ya mwisho, ambayo huenda Lévi amekwisha kukuonjesha, kwa maana alipita hapa akacheka mpaka akakaa chini. Gracieuse hakuweza kubaki. Mama yake ni mgonjwa, watoto wako kwa jirani, na kakao yake iko mtini. Wale bibi walimfundisha desturi papo hapo. Kwa heshima, alimwomba Bénite kwanza amshikie. Bénite alicheka kicheko ambacho sikukipenda. Akasema bibi yake alishika fasi ya mtu mpaka akakufa, na yeye hashiki ya mtu yeyote. Akachukua beseni lake akaenda. Jumatatu ilikuwa keshokutwa, na mahali pasipo na mtu pangepewa mwingine. Nikasema: niombe mimi.

Unaijua Beni. Mwanamume kukaa kwenye meza ya chumvi kati ya wanawake, tena mzee, tena mwalimu! Maliro, mwenye nyanya upande wangu wa kushoto, aliuliza kama nitapima kwa chaki. Syauswa alisema tangu leo mimi ni Baba Munyu na kwamba mke wangu marehemu ana bahati hakuona. Gracieuse alinitazama kama anayeogopa kunitukana, lakini aliniomba, mbele ya Maliro na yule bibi, kwa maneno yanayotakiwa. Nimekaa hapa tangu Jumatatu. Gunia la chumvi nilinunua kwa mtu wa Kasindi, kule mpakani. Chumba cha Butembo nimekiacha. Mwenye nyumba atakupa vitabu vyangu ukimtuma Ananie.

Kwa desturi, faida ni ya anayeshika. Si nyingi, wanaotaka chumvi ya mawe ni wazee na wenye mbuzi. Kila jioni naiweka katika kopo la Bénite juu ya kabati. Anaichukua. Asubuhi ananiambia chakula kiko mezani, na hayo ndiyo mazungumzo yetu. Leo asubuhi yule mkubwa alivaa sare ya shule. Mchana Bénite anapita hapa mbele na beseni lake la ndizi, wala hasimami.

Gracieuse alisema atarudi baada ya mavuno ya kakao. Mashambulizi ya barabara ya Mutwanga unayasikia redioni kama ninavyoyasikia mimi. Anne-Marie naye alisema atarudi mvua ikikatika.

Dada, sikuombi unisamehe. Nakuomba usimkasirikie Bénite kwa ajili yangu, na kama Lévi ana nafasi kwenye fuso, mtumie viazi kidogo, atavipika mwenyewe na atajua vimetoka kwako. Ukiwa na neno zito la kuniambia, liandike, nitalisoma lote kama ulivyolisoma hili.

Naishia hapa, kwa sababu kuna mama anasubiri na anataka matabishi. Nimemwongezea, na Maliro anagomba kwamba kwa mkono huu gunia halitaona Jumamosi. Wasalimie wote, mmoja mmoja kwa jina lake. Mshike baba Ananie mkono kwa niaba yangu. Mungu awalinde na baridi.

Kaka yako,
Esdras